UZI: Jicho limeziba, daktari anaonaje retina? Karibuni tuongee altrasaundi ya macho

Mpimaji wa Mwangwi · #1

Wakuu, salaam. Haipiti wiki bila mgonjwa kukaa kwenye kiti changu, kuona chupa ya jeli na kucheka: "Dokta, mbona mimi si mjamzito?" Nimejibu hadi nimechoka, nikaona nifungue uzi nipate pa kuwaelekeza watu.

Kazi yangu ni kupima macho kwa altrasaundi. Simpimi mtu miwani wala presha ya macho. Naletewa macho ambayo wenzangu wameyamulika wakashindwa kuona ndani.

Iko hivi. Daktari anapokuinamia na taa na lenzi mkononi, anategemea mwanga. Mwanga huo upite konea, kile kioo cha mbele ya jicho, upite mboni, upite lenzi ya jicho lenyewe, upite ule ute mzito uliojaza jicho, ndipo uguse retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha, na kurudi kwa njia ileile. Mahali pamoja pakiziba, safari imeisha. Mtoto wa jicho aliyekomaa mpaka mboni ikawa nyeupe, damu iliyovujia kwenye ute, kovu kwenye konea: yote ni mageti yaliyofungwa. Hata OCT, ile mashine inayosifiwa kwa kuchambua tabaka za retina kwa kipimo cha mikromita, nayo hutumia mwanga. Inakwama getini pamoja na taa.

Sauti haina habari na rangi. Inapotoka kwenye kitu cha aina moja ikakuta cha aina nyingine, sehemu yake hurudi kama mwangwi. Mashine hupima mwangwi umechelewa kiasi gani, hukokotoa umbali, huweka nukta kwenye skrini. Ndani ya ute sauti hukimbia mita 1,532 kwa sekunde, na jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi. Kwenda na kurudi ni kama mikrosekunde 31, yaani sehemu 31 za milioni za sekunde. Ukipepesa, sauti imekwenda na kurudi maelfu ya mara.

Probu, yaani kile kichwa cha mashine kinachotoa sauti na kupokea mwangwi, ikiwa ya tumbo hutumia megahezi 3 hadi 5 (megahezi moja ni mitetemo milioni moja kwa sekunde). Ya jicho ni 10 au zaidi. Megahezi zikipanda picha inakuwa kali lakini sauti haifiki mbali, na kwa bahati jicho ni dogo, hatuhitaji mbali. Kuna hata za megahezi 50, ila hizo huchoka baada ya milimita 5 hivi, ni za kuangalia mbele ya jicho tu. Retina hazifiki.

Kilichonisukuma kuandika leo ni hiki. Watu wananitumia picha moja iliyochapishwa, nyeusi na nyeupe, wananiambia "tusomee." Jamani, jicho halisomwi kwa picha moja. Linasomwa likitembea. Nitaeleza mbele, ulizeni.

Kiti cha Mbele · #2

Nimewahi. Mwenye kalamu ya ziada anigee.

Mama Wawili · #3

Dokta, hiyo probu inagusa jicho lenyewe? Mimi hata dawa ya matone naogopa.

Mpimaji wa Mwangwi · #4

Usiogope dada. Njia ziko mbili. Ya kwanza, unafumba macho, nakupaka jeli juu ya kope, probu inatembea juu ya jeli. Ya pili, nakudondoshea ganzi kisha probu inagusa weupe wa jicho moja kwa moja. Ya pili picha ni safi zaidi kwa kuwa kope hunyonya sauti kiasi, lakini hata ile ya kwanza inatosha kwa maswali mengi.

Kitu kimoja cha tahadhari. Mtu aliyeumia na kuna hofu kwamba ukuta wa jicho umepasuka, hapo probu haikandamizwi hata kidogo. Wengi wetu tunasubiri jicho lishonwe kwanza. Ukilibonyeza lililopasuka, vilivyomo ndani vinatoka nje.

Fundi wa Eksirei · #5

Niko idara ya picha mwaka wa tisa. Nikubali tu: ya macho huwa naikwepa. Zote naziona sawa, duara jeusi, ndani yake mstari mweupe. Mmoja anaandika retina imebanduka, mwingine anaandika ni ute tu. Mnatofautishaje, au mnabahatisha?

Mpimaji wa Mwangwi · #6

Swali zuri, na ndiyo kiini cha uzi. Kwanza tukumbushane jicho lilivyopangwa, kutoka ndani kwenda nje: ute, retina, koroidi, sklera. Retina ndiyo inayopokea picha. Koroidi ni zulia la mishipa ya damu linalolisha sehemu ya nje ya retina. Sklera ni ule ukuta mweupe. Jicho likiwa zima, hizo tatu za mwisho zimelala pamoja na kwenye skrini unaona ukingo mmoja mweupe. Ugonjwa ukiingia, moja huachana na jirani yake. Mstari wako unaouona ukielea ni mojawapo kati ya tatu: ngozi ya ute, retina, au koroidi.

Mimi huuliza mstari huo maswali matatu.

La kwanza: umeshika wapi? Retina imefungwa sehemu mbili, nyuma kabisa kwenye kichwa cha neva ya macho, na mbele pembezoni. Ikibanduka yote bado inabaki imeshikilia hapo, ndiyo maana kwenye skrini unaona herufi V, ncha yake ikiwa kwenye neva. Ikikaa sana bila kutibiwa V hujifunga, inakuwa kama T. Ute unaweza kuwa umeshika neva au umeachia kabisa. Ukiona utando unaoelea nyuma bila kugusa neva, shusha pumzi, kuna uwezekano mkubwa si retina. Koroidi nayo kwa kawaida haifiki kwenye neva. Inaishia mapema, pale mishipa mikubwa ya vena inapotoboa sklera na kuifunga kama vifungo vya shati. Ndiyo sababu koroidi iliyojaa maji hutokeza matuta laini, manene, kama migongo miwili inayotazamana. Yakizidi hugusana katikati ya jicho.

La pili: unang'aa kiasi gani? Hapa shika kitufe cha geini, kile cha kukuza au kupunguza mwangwi kwenye skrini. Anza juu, desibeli 80 au 90, kisha punguza taratibu. Ngozi ya ute hufifia na kupotea mapema. Retina inabaki imeng'ang'ania weupe wake wakati vingine vimezimika. Koroidi hubaki pia, na ukiwasha skani A, ile inayochora mwangwi kama vilele badala ya picha, kilele chake mara nyingi huwa na pembe mbili.

La tatu, na hili ndilo picha iliyochapishwa haiwezi kukujibu: unachezaje? Mwambie mgonjwa atazame kushoto, kulia, asimame ghafla. Wewe usiondoe macho kwenye skrini. Ute hupepea kama shuka kwenye kamba ya nguo, na jicho likisimama wenyewe bado unaendelea. Retina iliyobanduka karibuni hutikisika kwa mawimbi, lakini ina adabu, imefungwa ncha mbili. Koroidi haitikisiki, imekaa kama ukuta.

Sasa tuseme mtu kakutumia picha moja iliyogandishwa. Swali la tatu limekufa. La pili limekufa pia, maana hujui geini ilikuwa ngapi. Umebaki na moja kati ya matatu. Huko ndiko kubahatisha kunakotoka, mkuu.

Fundi wa Eksirei · #7

Miaka tisa nahifadhi picha moja na kumwambia mgonjwa "usitikise jicho." Nimeelewa kosa langu lilipo.

Mpimaji wa Mwangwi · #8

Sote tulifundishwa hivyo kwa ini na figo. Kuanzia kesho rekodi video fupi, sekunde kumi, jicho likitembea. Anayesoma atakushukuru.

Binti Mkubwa · #9

Nimesoma nikiwa na donge kooni. Mama yangu alikuwa na mtoto wa jicho, jicho moja jeupe kabisa. Tulipangiwa upasuaji hospitali moja, tukafurahi. Siku ya upasuaji lenzi ikatolewa, ikawekwa mpya, bandeji ikatolewa kesho yake, haoni. Tukaambiwa subirini uvimbe ushuke. Wiki tatu. Tulipokwenda kwingine wakampima kwa hii altrasaundi, wakasema retina ilikuwa imebanduka muda mrefu, imeshakunjamana. Hakuna aliyetuambia kabla. Naomba kuuliza, ingeonekana?

Mpimaji wa Mwangwi · #10

Pole sana dada, na umpe pole mama. Jicho la mama sijalipima, kwa hiyo nitajibu swali tu. Retina iliyobanduka yote na kukunjamana ni miongoni mwa vitu rahisi kuonekana kwa skani B, ile altrasaundi ya picha, hata nyuma ya mtoto wa jicho mweupe pe. Kanuni tuliyofundishwa ni kwamba daktari asipoweza kuona nyuma ya jicho kabla ya kutoa lenzi, apige altrasaundi kwanza. Upasuaji pengine ungefanyika vilevile, ila mngejua mapema mnategemea nini.

Kuna kipimo kidogo kisichohitaji mashine na kinachosaidia kushuku: mgonjwa anamulikwa kutoka juu, chini, kulia, kushoto, anaulizwa taa iko upande gani. Mtoto wa jicho peke yake hata akikomaa namna gani hapotezi mwelekeo wa mwanga. Mgonjwa akikosea pande, kuna jambo nyuma.

Daktari Mstaafu · #11

Nimefurahi kuona kizazi kipya kinaifundisha hii. Niongeze historia kidogo, wazee tumebakiwa na hiyo.

Skani A ilianza kutumika kwenye jicho mwaka 1956, Marekani, Mundt na Hughes wakitafuta uvimbe ndani ya jicho. Mwaka uliofuata Oksala kule Ufini naye akachapisha kazi yake. 1958 Baum na Greenwood wakatoa picha ya skani B. Wakati huo sauti ilipitishwa kwenye maji yaliyowekwa mbele ya jicho, mgonjwa anavumilia tu. Mambo yakawa mepesi Bronson alipotengeneza mashine ya kushika mkononi, mwaka 1972, ndipo ikatoka maabara ikaingia kliniki. Naye Ossoinig, mtaalamu kutoka Austria, ndiye aliyeshikilia kwamba vilele vya skani A vipimwe kwa mizani moja ili wa hapa na wa kule wazungumze lugha moja.

Nikuongezee mtego, kijana. Ukipitisha sauti katikati ya lenzi, sauti inapinda na retina inaonekana imetuna pasipo uvimbe wowote. Huitwa vinundu vya Baum. Nimewahi kumtisha mtu bure kwa hilo.

Mpimaji wa Mwangwi · #12

Shikamoo mzee. Kweli kabisa, ndiyo maana tunaiweka probu pembeni kwenye weupe wa jicho na kuielekeza upande wa pili, tukiikwepa lenzi. Ukitaka kuona juu, unaweka probu chini.

Mtego wangu mwingine ni jicho lililofanyiwa upasuaji likawekewa mafuta ya silikoni. Sauti humo hutembea polepole, chini ya mita 1,000 kwa sekunde, na mashine haijui. Inadhani umbali umeongezeka, inachora jicho refu kama tango. Gesi ndiyo mbaya zaidi, sauti haipiti kabisa. Subiri iishe.

Mchunguzi · #13

Mimi swali langu ni saratani. Jirani aliambiwa ana uvimbe kwenye koroidi, akaambiwa hawatakata kinyama cha kupima, altrasaundi inatosha. Nikashangaa. Saratani gani inatambuliwa bila kinyama?

Mpimaji wa Mwangwi · #14

Ya jicho, mkuu. Na hapa skani A, ambayo watu huiona ya kizamani, inalipa kisasi.

Uvimbe hatari unaoanzia kwenye koroidi kwa watu wazima ni melanoma. Seli zake zimesongamana na zinafanana, kwa hiyo ndani yake sauti haipati mipaka mingi ya kurudisha mwangwi. Kwenye skani B unaonekana mweusi ndani, kama una uwazi. Kwenye skani A vilele ni vifupi, vikizidi kushuka kadiri sauti inavyozama. Mwanzo uvimbe huwa kama kuba. Ukitoboa utando wa Bruch, ule unaotenganisha koroidi na retina, kichwa hupanuka upande wa pili huku shingo ikibanwa na tundu, unapata umbo la uyoga. Ukiuona uyoga huo huhitaji kuambiwa.

Linganisha na hemanjioma ya koroidi, yaani fundo la mishipa ya damu. Ni vyumba vingi vidogo vyenye kuta, kila ukuta unarudisha sauti. Vilele virefu, vimelingana, mweupe ndani. Saratani iliyosafiri kutoka kwenye titi au pafu ina sura ya vurugu: pana, ina nundu nundu, vilele virefu na vifupi vimechanganyika. Uvimbe wa mfupa kwenye koroidi hung'aa kama bati, na nyuma yake kuna kivuli cheusi kwa sababu sauti haikupita.

Kuhusu kinyama: utafiti mkubwa wa Marekani juu ya melanoma ya jicho, unaojulikana kama COMS, ulikusanya macho yaliyoondolewa kwa sababu madaktari walisema ni melanoma, kwa kutazama na altrasaundi. Maabara ilipoyachunguza, waliokosea walikuwa chini ya 1 kwa 100. Utafiti huohuo uliuita uvimbe wa kati ule wenye kimo kati ya milimita 2.5 na 10, na kimo hicho hupimwa kwa altrasaundi. Ndicho kinachosaidia kuamua kama jicho litawekewa kibati cha mionzi au litaondolewa.

Lakini nisiwape matumaini ya ziada. Doa bapa lenye unene usiofika milimita 1, mimi simwamini mtu anayenipa vipimo vyake kwa altrasaundi. Hapo picha ya rangi na OCT vinatushinda mbali.

Mama Wawili · #15

Na watoto? Niliona picha ya mtoto mboni yake inang'aa nyeupe kwenye flashi.

Mpimaji wa Mwangwi · #16

Mtoto huyo apelekwe kwa daktari wa macho haraka, asisubiri likizo ya shule. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa retinoblastoma, saratani ya retina. Tunachotafuta kwa altrasaundi ni chembe za kalsiamu ndani ya uvimbe. Zinang'aa hata geini ikishushwa sana, na zinaacha kivuli nyuma. Hapa pia hatuchomi sindano kutafuta kinyama, maana tundu lile linaweza kuwa njia ya saratani kutoka nje ya jicho.

Kiti cha Mbele · #17

Naruhusiwa kutania kidogo kisha niulize la maana? Mimi jicho linauma kwa ndani, maumivu yananiamsha usiku, na nikilizungusha yanazidi. Daktari kaangalia mbele, kasema jicho jeupe, safi. Nimekaa kiti cha mbele kumbe mgonjwa ni mimi.

Mpimaji wa Mwangwi · #18

Kaka, utani weka pembeni, rudi kwa daktari ukamwambie hayo kama ulivyoyaandika, hasa la kuamshwa usiku na maumivu jicho likizunguka. Moja ya mambo atakayofikiria ni sklera ya nyuma kuvimba, si uvimbe wa saratani. Ugonjwa huu hujificha, jicho kwa mbele linaweza kuwa jeupe kabisa. Altrasaundi huonyesha ukuta wa nyuma umenenepa, unazidi milimita 2, na maji yamejikusanya nje ya sklera kuzunguka neva. Maji yale pamoja na kivuli cha neva vinachora herufi T iliyolala. Ni alama maarufu, wanafunzi hukariri. Kuna mengine pia yanayoweza kuuma hivyo, kwa hiyo usijipe ugonjwa kutoka humu.

Mchunguzi · #19

Hii sauti haiunguzi jicho? Wengine tuna simu zenye kichwa cha altrasaundi cha kuchomeka siku hizi.

Mpimaji wa Mwangwi · #20

Jicho lina sheria yake. FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, inaruhusu miliwati 720 kwa sentimita ya mraba kwa viungo vingi, lakini kwa jicho ni 50 tu. Kwa hiyo ukitumia mashine ya jumla, chagua kwanza mpangilio wa macho kabla ya kuweka probu. Lenzi haina mishipa ya damu ya kuipoza, joto likiingia halina pa kwenda. Kwa mashine iliyopangwa sawa na kipimo cha dakika chache, mimi sina wasiwasi, nimejipima mwenyewe mara kadhaa nikifundisha.

Sukari Juu · #21

Nimekuwa nasoma kimya. Nina kisukari miaka mingi. Juzi jicho la kushoto liliona kama moshi mweusi unamwagika, kisha giza jekundu. Nimepimwa leo, ripoti inasema hivi: "Ute una nukta nyingi hafifu zinazoelea. Utando wa nyuma mwembamba, unatembea kwa urahisi, haujashika diski, unatoweka kwenye desibeli 65. Retina imelala pande zote. Koroidi kawaida." Nielezeeni kwa lugha ya binadamu, na hii video ninayo kwenye simu.

Mpimaji wa Mwangwi · #22

Kwanza nimpe hongera aliyeandika. Kajibu maswali yote matatu: wapi umeshika, unang'aa kiasi gani, unachezaje.

Kwa lugha ya binadamu: nukta zinazoelea ni damu. Utando ni ngozi ya ute iliyoachana na retina, na diski ni kile kichwa cha neva. Retina yenyewe, kwa siku ya leo, imekaa mahali pake. Kwa mwenye kisukari hilo ni jambo la kushukuru, kwa sababu kuna sura nyingine tunayoiogopa: ute haujaachia, umeng'ang'ania sehemu moja na kuivuta retina juu kama hema. Hiyo ingekuwa imeandikwa.

Ila soma neno "leo." Damu ikiwa nzito inaweza kuficha tundu dogo la retina, na altrasaundi si hodari sana kwa matundu madogo. Wamekupa tarehe ya kurudia?

Sukari Juu · #23

Baada ya wiki moja. Wamesema nilale kichwa kimeinuliwa ili damu itulie chini, na pazia likianza kushuka upande wowote nisingoje tarehe.

Mpimaji wa Mwangwi · #24

Wamekwambia sawasawa. Siku hiyo ukienda, ibebe hiyo video ya leo. Mwambie atakayekupima aiangalie kwanza, kisha akuombe utazame kushoto na kulia.

Fundi wa Eksirei · #25

Nimeshaiweka kwenye fomu yetu: "video, sekunde 10, jicho likitembea. Andika geini." Mkubwa wa idara kauliza nimeyatoa wapi.